Mtoto Akileta Pesa Usizozijua: Funzo Kutoka Gikomba



Siku chache baada ya Idi, simu yangu ililia saa tano za usiku. Aliyepiga ni binti wa khalati yangu, mjane, anayeishi Majengo ya Pumwani jijini Nairobi na kuuza nguo za mitumba za watoto hapo Gikomba. Si mtu wa kupiga simu usiku. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama asiyetaka kusikika chumba cha pili.

“Kaka, leo nimegeuza godoro la mwanao nikakuta vitu.”

Vitu vyenyewe vilikuwa simu mpya ambayo hakuwahi kuiona mkononi mwa mwanawe, jozi mbili za viatu vya michezo, na soksi iliyopigwa fundo, ndani yake shilingi 14,300. Kijana ana miaka 16. Yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Nauli anapewa na mamake, chakula cha mchana anapewa na mamake, hata pesa za kinyozi.

“Umemuuliza?”

Akanyamaza kidogo. “Nitamuuliza kwa mdomo gani, kaka, na unga tunaokula juma hili kanunua yeye?”

Neno hilo ndilo lililonipandisha basi kwenda Nairobi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wazazi wengi wa huku kwetu Pwani wamewahi kusimama pale aliposimama dadangu. Nenda Kisauni, Likoni, Malindi au Ukunda, utamkuta mtoto asiye na kazi mwenye simu ya bei kuliko ya babake. Siku ya kwanza mzazi hushtuka. Siku ya pili mtoto huleta mchele. Siku ya tatu mzazi huwa keshazoea. Na siku polisi wanapobisha hodi, husema hakujua.

Nimerudi kutoka Gikomba na jambo moja ambalo nataka kulieleza kwa utaratibu. Hapa Kenya, aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini, wala kufungua M-Pesa ya kawaida, wala kuchukua simu kwa mkopo. Kwa hivyo nyuma ya pesa nyingi za mtoto, za halali au za haramu, mara nyingi kuna jina la mtu mzima. Kazi ya mzazi ni kulitafuta jina hilo. Na ajiandae, kwa sababu huenda akakuta ni lake.

Gikomba si pango la wezi

Kabla ya kumshuku mtoto wa Gikomba, tuijue kwanza Gikomba. Ni soko kubwa la mitumba kando ya Mto Nairobi, jirani na Majengo, Shauri Moyo na Kamukunji. Beli hufunguliwa alfajiri. Wateja wa kwanza huchagua zile nguo nzuri kabisa, ambazo wenyewe huziita kamera. Zinazobaki mwisho, za kuuzwa kwa bei ya kutupa, ni fagia. Katikati ya kamera na fagia wapo mafundi wa cherehani, wapiga pasi, wabeba mizigo, wasukuma mikokoteni, na vijana wanaoosha viatu vichafu na kuvipaka rangi hadi ukadhani vimetoka dukani. Mtoto mwenye bidii anaweza kupata riziki safi hapo siku za Jumamosi na Jumapili.

Majengo nayo si ugenini kwetu. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa wa Waafrika, na Waswahili na Waislamu wengine wakajenga humo nyumba zao. Hadi leo mtu wa Mombasa akifika Majengo anasikia lugha yake, anaona buibui, anakula mahamri na mbaazi, anaswali msikiti wa Riyadha na kujihisi yu kwao.

Lakini watu wa pale wanaishi na mizigo yao. Soko huungua mara kwa mara. Moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15. Kibanda cha dadangu kiliwahi kuteketea katika moto mwingine, na mzigo alionao leo aliupata kwa mkopo. Ndiyo maana pakiti ya unga kutoka kwa mtoto haikuwa jambo dogo kwake.

Mzigo wa pili ni shaka. Mei 16, 2014 milipuko miwili ilitokea Gikomba na watu wasiopungua 10 wakafariki. Tangu miaka ile, kijana wa Kiislamu wa Majengo akionekana na pesa zisizoeleweka hushukiwa mara mbili, mara kwa wizi na mara kwa ugaidi. Kisha kuna bunduki. Mwishoni mwa Machi 2017 ilisambaa video iliyoonyesha mtu anayesemekana kuwa polisi, amevaa kiraia, akiwapiga risasi vijana waliokuwa tayari wameshikwa barabarani Eastleigh, wakidaiwa kuwa wa genge. Mwaka 2019 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba polisi walikuwa wameua wanaume na wavulana wasiopungua 21 huko Mathare na Dandora tangu Agosti 2018, bila kufuata sheria.

Sasa mweke mama katika hali hiyo. Anaogopa anachofanya mwanawe, na anaogopa zaidi atakachofanyiwa mwanawe akilitaja jambo kwa sauti. Kwa hivyo hunyamaza. Mtu anayemtumia mtoto wake hutegemea kimya hicho hicho.

Njia ambazo pesa humfikia mtoto

Ndani ya basi nilikuwa nikizihesabu njia kichwani, na nitaziandika hapa kama nilivyozihesabu, kila moja na mtu mzima wake.

Ya kwanza ni kazi. Hapa mtu mzima ni mwenye kibanda, mwenye boda, mwenye mkahawa. Huyu ana sura na mahali pake, unaweza kwenda kumwamkua na kumuuliza. Mtoto anayefanya kazi ya halali anaweza kukasirika ukisema utaenda kumwona bosi wake, lakini hatakosa kukuonyesha alipo.

Ya pili ni simu ya mkopo. Siku hizi simu mpya si ushahidi wa wizi. Safaricom ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, na kampuni kama M-KOPA huuza simu kwa malipo ya kila siku. Lakini mikataba hiyo huandikwa kwa kitambulisho. Mtoto akikwambia simu ni ya mkopo, swali linalofuata ni jepesi: kwa kitambulisho cha nani?

Ya tatu ni kamari ya simu. Sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Akicheza, anacheza kwa laini ya mtu mzima, mara nyingi kaka, rafiki aliyemaliza shule, au mama mwenyewe bila kujua. Alama ya pesa za kamari ni kwamba haziji kwa mpango. Leo ana elfu tano, kesho anakopa nauli.

Ya nne ni mtu mzima anayemtaka mtoto. Hapa sisi wa Pwani hatuna haki ya kuwanyooshea wengine kidole. Ripoti ya UNICEF na Serikali ya Kenya ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa kingono kwa pesa katika maeneo ya Pwani. Si wasichana tu, wavulana nao huwindwa. Zawadi za njia hii zina alama yake: marashi, nguo, simu, kutoka na kurudi kwa gari lisilojulikana, na jina la “rafiki” asiyekuja nyumbani kwenu.

Ya tano ni genge, wizi na dawa za kulevya. Mtoto hufichishwa mzigo, hutumwa, husimamishwa pembeni kuangalia kama polisi wanakuja. Mkubwa haonekani.

Ya sita sikuijua vizuri mpaka nilipofika Majengo.

Hesabu ya jioni

Nilifika Ijumaa. Kijana alinipokea begi. “Shikamoo, mjomba.” Nikaitika marahaba. Hakuwa na sura ya mhalifu, na sijui mhalifu ana sura gani.

Dadangu alitaka nimkalie kooni usiku ule ule. Nilikataa. Nilimwambia tumngoje ale, aswali, alale. Mtoto akiulizwa kwa kelele hujibu kwa uongo au kwa miguu. Akikimbia, atakimbilia kwa yule yule aliyempa pesa. Kwa sababu hiyo hiyo nilimwomba dadangu asimguse kwa fimbo, ingawa wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nadhani walikuwa na maana ya kutomwachia mtoto. Unaweza kutomwachia bila kumvunja mfupa.

Jumamosi asubuhi nikamwambia, mbele ya mamake, “Mamako ameona vitu chini ya godoro. Hatujasema umeiba. Tunataka kujua tu.”

Akajibu haraka. Anaosha viatu. Kuna mzee Gikomba humpa viatu vichafu kwa bei ya chini, yeye huviosha, huvipiga picha na kuviuza kwa wenzake shuleni na kwenye WhatsApp. Tukaenda kwa mzee huyo, watatu sisi. Mzee akamsifu. “Huyu ni mtoto wa kazi. Hajawahi kunila hata shilingi.”

Dadangu alitoa machozi pale pale sokoni. “Alhamdulillahi,” akasema, na njia nzima akawa anacheka. Na miye nilitamani mambo yaishie hapo.

Lakini nina stashahada ya uhasibu, na miaka yangu mingi nimeipitisha katika vitabu vya watu. Jioni niliomba daftari. Nikamwambia kijana, “Mwanangu, njoo tuipange biashara yako, nione tutaikuza vipi.” Akaja akifurahi. Alisema huuza wastani wa jozi tatu kwa wiki, na kila jozi humwachia faida ya shilingi 250 hivi. Ameanza wiki 16 zilizopita. Hiyo ni shilingi 12,000.

Upande wa pili tukaandika vilivyopo. Soksini shilingi 14,300. Simu aliinunua kwa 17,500. Viatu viwili alivyojiwekea vilimgharimu 1,400. Unga, mafuta, sabuni na vitu vingine alivyoleta nyumbani, mamake alikadiria 3,000. Jumla 36,200.

Nikatoa 12,000. Zikabaki 24,200.

Niliigeuza ile karatasi upande wake. “Kazi yako ni ya kweli, nimeiona kwa macho. Lakini hizi 24,200 hazikutoka kwenye viatu. Mwenyewe ni nani?”

Alitazama karatasi muda mrefu. Hakuna aliyempigia kelele. Kisha akaanza kusema.

Ndugu msomaji, hapa ndipo pa kuzingatia. Jawabu la kwanza la mtoto halikuwa uongo, lilikuwa nusu. Na nusu ya kweli humridhisha mzazi kuliko uongo mtupu, kwa sababu ukiipeleleza utaikuta. Sisi tulikaribia kurudi nyumbani tukishukuru. Kwa hivyo ukishapata jawabu, lipige hesabu. Uliza kiasi gani, mara ngapi, tangu lini, kisha ulinganishe na kilichopo. Huhitaji stashahada kufanya hivyo. Mwenye kuuza vitumbua hufanya kila jioni.

Laini tatu

Kulikuwa na mteja wa viatu, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye maneno mazuri. Alimwambia mwanetu kwamba kuna pesa rahisi: amlete mtu mwenye kitambulisho asajili laini, kila laini shilingi 500. Mtoto akamfikiria aliye karibu naye kuliko wote.

Akamwambia mamake kuna ofa ya bando kwa kijana anayesajili laini chini ya mwavuli, pembeni mwa barabara. Mama akaenda, akatoa kitambulisho, akapigwa picha. Msajili akasema mtandao umekataa, tujaribu tena. Akapigwa picha tena. Ukakataa tena. Mwishowe “ukakubali”, na mama akaondoka na laini moja. Kumbe mtandao haukuwahi kukataa. Kila jaribio lilikuwa laini nyingine, na hizo tatu zilikwenda kwa mwenye maneno mazuri.

Baada ya hapo mtoto alipewa kazi ya pili. Aliitwa, akapewa simu ndogo, zile tunazoziita mulika mwizi, yenye laini ndani na namba ya siri, akaenda kutoa pesa kwa wakala. Kila elfu moja, mia yake. Wakala hakushuku, kwa sababu jina lililotokea ni la mama wa nguo za watoto, anayejulikana soko zima, na huyu ni mwanawe. Anamtolea mamake.

Pesa zenyewe zilikuwa zile za ujumbe ambao kila Mkenya ameupokea: ile pesa tuma kwa namba hii. Mtu anayengoja kutuma karo au kodi ya nyumba huupata saa ile ile, hudhani ni mwenyewe amebadilisha namba, na hutuma.

Nilirudi kwenye daftari. Laini tatu kwa 500 ni 1,500. Zinabaki 22,700. Ikiwa mtoto alilipwa mia kwa kila elfu, basi shilingi 227,000 zilikuwa zimepita katika jina la dadangu.

Nikamwomba simu yake nikabonyeza *106#, ambayo huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu katika kampuni anayoitumia. Zikatokea tano. Mbili alizijua. Aliketi chini, sakafuni, akiwa ameishika simu kwa mikono miwili.

“Wanaotuma,” akasema baadaye, “si huandikiwa jina la aliyepokea?”

Nikamwambia ndiyo. M-Pesa humwandikia mtumaji jina la aliyepokea.

“Basi wana jina langu.”

Sheria inasemaje

Tuanze na mzazi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahusu mtu anayepokea au kushika mali ya wizi. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Na kifungu hicho hakimhusu tu anayejua kwamba mali ni ya wizi. Kinamgusa pia aliyekuwa na sababu ya kuamini hivyo. Lazima ithibitishwe mahakamani, bila shaka. Lakini mzazi anayekula, anayevaa na kuchaji simu isiyoeleweka kwa miezi, huku akijiepusha kuuliza, asidhani kutouliza ni kinga.

Wizi wa kupitia simu una sheria zake pia, ikiwemo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Na Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kuzuia Utakatishaji wa Fedha ya 2009 inawahusu wanaopitisha pesa za uhalifu, si wanaoziiba peke yao.

Tuje kwa mtoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kijana wa miaka 16 anaweza kushtakiwa, lakini kama mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto asizuiliwe isipokuwa kama njia ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Sheria hiyo ya 2022 pia inatoa nafasi ya kumwepusha mtoto na kesi rasmi katika makosa fulani, kwa masharti kama kuomba radhi, kulipa fidia au kupewa ushauri nasaha. Nafasi hii humsaidia zaidi mtoto aliyekuja na mzazi wake kabla ya kukamatwa.

Tulichofanya, na unachoweza kufanya

Kwanza, tuliandika kila kitu usiku ule: tarehe, namba, mahali pa kutolea pesa, sura ya yule mtu. Hatukumpigia. Mtu kama huyo akijua mtoto amesema, hupotea, au humtisha mtoto.

Pili, hatukwenda kituoni mikono mitupu. Tulitafuta wakili wa msaada wa kisheria kwanza. Kituo cha Sheria husaidia wasio na uwezo na kina ofisi Nairobi na Mombasa. Huku kwetu MUHURI pia hupokea watu wenye shida kama hizi. Namba 116, ya simu ya watoto, hupigwa bure.

Tatu, Jumatatu asubuhi dadangu alikwenda na kitambulisho chake dukani kwa kampuni ya simu, akakana laini tatu, zikafungwa, na akaomba taarifa za miamala ya laini hizo. Ziko kwa jina lake, ana haki ya kuziomba.

Nne, tulikwenda kituoni pamoja na wakili, mama na mtoto. Maelezo yakaandikwa katika kitabu cha matukio, tukapewa namba ya OB. Simu na zile shilingi 14,300 zilikabidhiwa na kuandikwa. Mtoto alieleza mbele ya mamake. Alirudi nyumbani jioni ile. Jambo bado halijaisha ninapoandika haya, na yule mwenye maneno mazuri amezima simu. Sitakudanganya kwamba dadangu analala vizuri.

Wewe ambaye hayajakufika, anza na haya. Leo bonyeza *106# kwa kila kampuni ambayo una laini yake. Ukiona namba usiyoijua, nenda ukaikane. Msajili wa barabarani akikwambia mtandao umekataa, chukua kitambulisho chako uondoke. Usimpe mtoto kitambulisho chako wala namba yako ya siri. Kama anahitaji M-Pesa kwa shughuli za shule, ipo M-PESA Go ya watoto wa miaka 10 hadi 17, ambayo mzazi hushirikishwa. Ukipokea ujumbe wa utapeli kwenye laini ya Safaricom, upeleke 333, ni bure.

Na akileta kitu, muulize siku ile ile, kabla hujakipika. Muulize kwa upole, lakini uulize. Kama ni halali, atakuonyesha mwenyewe wake na utakuwa umeijua kazi ya mwanao. Ya mwanetu ya viatu tulikuwa hatuijui kabisa, na ni kazi nzuri. Kama si halali, utakuwa umewahi.

Kuhusu dini sitasema mengi, mimi si shehe. Dadangu alimwendea imamu wa karibu na kumuuliza kuhusu vile vilivyokwisha liwa. Imamu akamwambia kwamba dhambi ya mtu na Mola wake huombewa toba, lakini haki ya mja hurudishwa kwa mja.

Taarifa za miamala zilipotoka zilikuwa kurasa kadhaa. Majina ya waliotuma yalikuwa ya kila kabila na kila dini. Mia nane. Elfu tatu. Mmoja alituma elfu mbili, na baada ya dakika chache akatuma elfu moja nyingine, bila shaka alikuwa ameambiwa hazikutosha. Dadangu alizisoma zote kwa kidole, mstari kwa mstari, mwanawe ameketi kando yake, na akamsomesha majina yale kwa sauti.

Kijana anaendelea kuosha viatu Jumamosi na Jumapili, na jioni humwekea mamake hesabu mezani. Mama naye ameweka kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Kila siku anatia shilingi hamsini.

Nilipomuuliza ni za nini, akasema, “Unga tuliula, kaka.”

Tukutane juma lijalo, inshallah.